Imekuja, Kidogo

Mara ya kwanza niliponusa mimba, mimba haikuwepo. Jirani wa chini alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikapanda ngazi ikaingia hadi sebuleni, nami nikatoka mbio kwenda bafuni nimeziba mdomo kwa kiganja. Sikutapika. Nilisimama mbele ya kioo nikitabasamu peke yangu kama mwehu, nikijisemea kwamba leo ndiyo leo. Siku nne baadaye nikaingia mwezini.

Huo ulikuwa mwezi wetu wa tano wa kutafuta mtoto. Aliyewahi kutafuta anajua kwamba mwezi hugawanyika vipande viwili: wiki mbili za kujitahidi na wiki mbili za kujichunguza. Hizo za pili ndizo zinazommaliza mtu. Nilikuwa na daftari dogo la mistari, na humo niliandika kila nilichohisi. Chuchu zinawasha. Chini ya kitovu panavuta. Nimelala saa kumi na moja jioni. Mate yamejaa mdomoni. Nimelia kwa sababu ya tangazo la sabuni. Mume wangu alikuwa akiniuliza habari za kazini, na mimi namjibu kwa habari za chuchu.

Siku moja, mwezi wa nane au wa tisa, nililisoma lote kwa mkupuo. Kuanzia siku ya 20 hadi ya 27 ya kila mzunguko maneno yalikuwa yaleyale, kama mtu aliyenakili ukurasa mmoja mara nane. Kwa ushahidi wa daftari lile, ningekuwa nimebeba mimba nane. Sikuwa nimebeba hata moja.

Maelezo yake si magumu, na hadi leo nashangaa kwamba hakuna aliyenipa mapema. Yai likishapevuka na kutoka kwenye ovari, kile kifuko kilicholibeba hakifi hapohapo. Hugeuka kuwa kitu kidogo cha rangi ya njano chenye kazi moja kubwa, kuzalisha homoni ya projesteroni. Hiyo ndiyo inayoandaa ukuta wa kizazi, inayopandisha joto la mwili kidogo, inayolegeza utumbo mpaka gesi inajaa, inayoyafanya matiti yawe mazito na kope ziwe nzito zaidi. Na kifuko hicho kinafanya kazi yake kila mwezi, yai liwe limekutana na mbegu au halijakutana. Hakina habari. Kinangoja takriban wiki mbili, kisipoletewa ujumbe kinasinyaa, projesteroni inashuka na damu inatoka. Kikiletewa ujumbe, kinaendelea.

Kwa hiyo zile dalili zote nilizokuwa naziandika zilikuwa za kweli. Matiti yaliuma kweli, usingizi ulinibeba kweli. Ila zilikuwa dalili za projesteroni, na projesteroni haikwambii kama inasubiri mgeni au inasubiri kufunga duka.

Ujumbe wenyewe ni homoni nyingine, ile ambayo maabara huiita hCG. Inatengenezwa na chembe ambazo baadaye huwa kondo la nyuma, na haianzi kuingia kwenye damu ya mama kwa kiasi cha kuleta mabadiliko mpaka kiinitete kijishike kwenye ukuta wa kizazi. Mwaka 1999 Allen Wilcox na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa wakikusanya mkojo wao kila siku. Katika mimba 141 zilizodumu wiki sita au zaidi, kujishika huko kulitokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, na kwa asilimia 84 kulitokea siku ya 8, ya 9 au ya 10. Kabla ya hapo mwili wa mama haujapata taarifa. Wapo wanaosimulia kwamba walijua kesho yake asubuhi. Wengine ni wakubwa zangu kwa hiyo siwabishii usoni, lakini moyoni nadhani walikuwa na matumaini, na matumaini yakitimia hugeuka kuwa kumbukumbu.

Nguvu ya matumaini si ya kuchezea. Malkia Mary I wa Uingereza aliolewa na Philip wa Hispania mwaka 1554, na kabla mwaka haujageuka hedhi ilikuwa imekata, matiti yamevimba na tumbo linakua. Aprili 1555 akajitenga kwenye jumba la Hampton Court kusubiri uchungu. Barua za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto zikaandaliwa. Mei ikapita, Juni ikapita, Julai ikapita, tumbo likaanza kushuka lenyewe, na mwezi Agosti akaondoka pale bila mtoto. Waganga wote wa ufalme walikuwa wamemzunguka, na walichokuwa nacho mkononi ni dalili tu. Nilipomsoma yule mama nilimwonea huruma ya ndugu. Mimi nilikuwa na daftari. Yeye alikuwa na taifa zima linalomhesabia siku.

Mwezi wa kumi na tatu niliacha. Sikuacha kutafuta, niliacha kuandika. Nikaacha na vidonge vya asidi ya foliki, kwa hasira tu, kana kwamba vimenikosea adabu. Jambo moja lilibaki kwa mazoea, kuandika tarehe ya hedhi. Mwezi uliofuata, tarehe 9, nikaandika: “Imekuja, kidogo. Siku mbili.”

Ilikuwa ya kahawia. Haikujaza hata pedi moja. Haikuja na yale maumivu yangu ya siku ya kwanza ambayo huwa yananikunja kama jamvi. Yote hayo niliyaona, na yote nikayatafutia sababu: nimechoka, nimepungua uzito, mwili nao umekata tamaa. Mtu aliyekuwa akisoma kila mwasho kama barua kutoka mbinguni sasa alikuwa ameamua kutosoma kitu.

Damu ya namna hiyo inawapotosha wengi. Watu huieleza kwamba ni kiinitete kinapojichimbia, na huenda mara nyingine ni hivyo. Lakini walipofuatilia siku kwa siku, watafiti waliona kwamba matone ya mwanzoni huja zaidi karibu na siku ambazo mwanamke angetarajia hedhi yake, na ni nadra kuangukia siku yenyewe ya kujishika. Ndiyo maana ni rahisi mno kuyahesabu kama hedhi. Tofauti, mara nyingi, ni hiki nilichokiona nikakipuuza: kidogo kuliko kawaida, rangi hafifu au ya kahawia, fupi, haina mabonge. Kila mwanamke anaijua hedhi yake kama anavyoujua mwandiko wake. Ikija imeandikwa na mtu mwingine, inafaa kushtuka.

Wiki mbili hivi baadaye nilikaa kitandani nivue viatu. Nilivua kimoja. Niliamka saa tisa usiku cha pili kikiwa bado mguuni, taa inawaka, mume wangu kanifunika shuka juu ya nguo za kazini. Nimewahi kuchoka maishani, lakini uchovu ule ulikuwa wa aina nyingine. Haukuwa wa misuli. Ulikuwa kama mtu amezima umeme wa nyumba nzima kutoka kwenye nguzo. Ule uchovu wa kabla ya hedhi niliokuwa nauandika kwenye daftari ulikuwa unaniomba nilale, huu haukuomba.

Kisha tumbo. Kiungulia, kichefuchefu, mdomo una ladha ya chuma kana kwamba nimelamba msumari. Chakula kikipita kooni kinataka kurudi. Ila kila asubuhi niliamka mzima kabisa, na taabu ilianza saa kumi na mbili jioni. Na kwa kuwa tangu utoto nimesikia kwamba mimba hutapisha asubuhi, kichefuchefu changu cha jioni nikakipa jina la vidonda vya tumbo. Nikampigia simu dada yangu mkubwa kumlalamikia.

“Dada, nadhani vidonda vya tumbo vimeniamkia.”

“Tangu lini?”

“Wiki sasa. Asubuhi nakunywa chai vizuri tu, balaa ni jioni.”

“Umepima?”

“Dada, hedhi nimeipata juzijuzi, wiki tatu tu zimepita.”

“Sikukuuliza hedhi, mdogo wangu. Nimekuuliza umepima?”

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba huo “ugonjwa wa asubuhi” umepewa jina vibaya. Karibu wajawazito saba hadi wanane kati ya kumi hupata kichefuchefu, na ni wachache sana wanaokipata asubuhi peke yake. Wengi hukipata saa yoyote, na wapo kama mimi ambao asubuhi ndiyo nafuu yao. Kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6 na kufika kileleni karibu na ya 9, kisha hupungua kati ya wiki ya 14 na ya 16, ingawa wengine huendelea nacho hadi mbele. Kikianza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9, daktari mzuri hutafuta sababu nyingine kabla ya kuilaumu mimba. Na wapo wasiokipata kabisa, wakazaa watoto wazima, jambo ambalo huwatia wasiwasi bure.

Kwa miaka mingi sababu ilidhaniwa kuwa ni hCG, na wanawake wengine wakaambiwa kabisa kwamba wanadeka. Desemba 2023 Marlena Fejzo, Stephen O'Rahilly na wenzao walichapisha ushahidi kwamba mhusika mkubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo kijusi na kondo huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo huipokea kwa ukali zaidi, kama macho yaliyozoea giza yanavyoumizwa na taa. Fejzo mwenyewe alikuwa ameteseka kwa kutapika kupita kiasi na kupoteza mimba. Nikifikiria idadi ya wanawake walioambiwa “jikaze” huku mkojo wao umekuwa mweusi kwa kukosa maji mwilini, nakasirika upya. Kutapika mpaka maji hayakai tumboni, kupungua uzito, kukojoa kidogo na mkojo wa rangi iliyokolea, huko si kudeka. Ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu vidonda vyangu vya tumbo, niseme neno moja kwa sauti. Nilikuwa nimeshapanga kwenda kununua dawa bila kuandikiwa. Miongoni mwa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo ipo misoprostoli, ambayo pia hukaza kizazi na kuweza kuitoa mimba. Sisemi kwamba ndiyo ningepewa. Nasema kwamba mwanamke ambaye anaweza kuwa na mimba apime kwanza, kabla ya dawa na kabla ya eksirei, hata kama kichwani ana uhakika kama niliokuwa nao mimi.

Nilipima jioni ileile, mkojo wa mchana, bila utaratibu wowote. Sikuwahi hata kuweka saa. Mstari wa pili ulitokea kabla ya ule wa kwanza kukamilika, mwekundu, mnene, kama uliochorwa kwa rula. Miezi kumi na mitatu nilikuwa nimevigeuza vijiti vile kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta kivuli cha mstari. Huu ningeuona hata gizani.

Kijiti kile ni kitu cha kushangaza ukikitafakari. Wamisri wa kale waliandika kwenye mafunjo kwamba mwanamke akojolee ngano na shayiri, zikiota ana mimba. Mwaka 1963 watafiti walilijaribu jambo hilo wakaona kwamba mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu katika takriban asilimia 70 ya majaribio, ingawa dai lingine la mafunjo hayo, kwamba mbegu hutabiri mtoto wa kike au wa kiume, halikufua dafu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walikuwa wakidunga mkojo wa mwanamke kwenye panya wachanga, kisha wanawapasua kuangalia ovari zao. Halafu akaja chura. Yule chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla siku haijaisha, na hahitaji kuuawa. Hadi miaka ya 1960 maabara za nchi nyingi zilifuga vyura kwa kazi hiyo. Kila mmoja wao, ngano labda ikitolewa, alikuwa anaitikia homoni ileile moja ya hCG. Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu wa michoro aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya Organon huko Marekani, aliona mirija ya vipimo imepangwa maabara akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie mwenyewe nyumbani. Wakubwa wake hawakufurahia wazo hilo mwanzoni. Walihofia mwanamke akipata majibu peke yake bafuni itakuwaje. Itakuwaje? Atajua.

Siku hizi ndani ya kijiti kuna kingamwili zinazoinasa hCG na rangi inayoonyesha kwamba imenaswa. Vingi hugundua kuanzia uniti ndogo (mIU) 20 au 25 hivi za homoni hiyo kwenye mililita moja ya mkojo, na kwa kuwa mwanzoni hCG huongezeka takriban maradufu kila siku mbili au tatu, kijiti kinachosema “hapana” Jumatatu kinaweza kusema “ndiyo” Alhamisi bila kuwa kimedanganya. Ndiyo maana siku ya kuchelewa hedhi, au wiki moja baada yake, ni bora kuliko wiki moja kabla. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umekolea zaidi. Majibu yasomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, maana kijiti kikikauka huweza kuacha alama ya kijivu ambayo si mstari, na mimi nimewahi kuililia alama hiyo nikiiokota kwenye pipa la taka asubuhi ya pili. Mstari hafifu lakini wenye rangi, uliotokea ndani ya muda wake, kwa kawaida ni mstari. Pima tena baada ya siku mbili.

Kliniki, mkunga alinikaribisha vizuri, akaniuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nikataja tarehe 9 kwa kujiamini, daftari mkononi. Akazungusha kile kigurudumu chao cha kuhesabia wiki, akatazama, akazungusha tena.

“Mama, kwa tarehe hii una wiki tatu.”

“Ndiyo.”

“Wiki tatu za namna hii mstari hauwezi kuwa hivi. Hebu niambie, hiyo hedhi ilikuwaje?”

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu za mimba, ambazo kwa kweli zina kituko chake. Mimba haihesabiwi tangu mbegu ilipokutana na yai, maana siku hiyo karibu hakuna anayeijua. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili hivi kabla mimba haijatunga. Siku 280 jumla. Ile kanuni ya kuongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu inaitwa kwa jina la Franz Naegele, mkunga-daktari Mjerumani wa karne ya 19. Kwa hiyo siku unayogundua tu kwamba umechelewa, tayari “una wiki nne”. Na kwa hesabu hiyohiyo, mwanamke mwenye wiki tatu kiinitete chake ndiyo kwanza kinatafuta pa kujishika, hana hCG ya kutosha kuchora mstari mnene jioni. Kilichomwambia mkunga ukweli ni kwamba mstari na tarehe havikupatana. Ultrasaundi ikaonyesha wiki 7, na katikati ya kile kidoa kitu kinapepesa. Nikauliza ni nini. Akasema ni moyo.

Nililia kwa furaha, ndiyo. Lakini njiani kurudi nyumbani nilianza kuhesabu kwa vidole, na hesabu haikunifurahisha.

Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutunga, yaani karibu na wiki ya 6 ya hesabu za kliniki. Ukishindwa kujifunga sawasawa ndipo hutokea mgongo wazi. Asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, hupunguza hatari hiyo, na faida yake kubwa ni ikiwa mwilini kabla mimba haijatunga na katika hizo wiki za mwanzo. Mimi niligundua wiki ya 7. Mlango ulikuwa umeshafungwa, na vidonge nilivisusa mwezi mmoja kabla. Mtoto wangu alizaliwa mzima, namshukuru Mungu, wala sikupewa adhabu kwa susa yangu. Ila tangu hapo nikisikia mtu anauliza dalili za mwanzo za mimba ili “aanze kujitunza”, natamani kumshika mkono. Dalili zikianza kusema, kazi nyeti kuliko zote iko nusu au imekwisha. Anayeweza kupata mimba, na asiyeikataa ikija, vidonge avianze sasa, asingoje kichefuchefu kimpe ruhusa. Pombe na sigara vilevile. Na akishajua, aende kliniki kabla ya wiki ya 12, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, asisubiri tumbo lionekane.

Dalili nyingine nitazipitia haraka, kwa sababu hazina siri. Kukojoa mara kwa mara huanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na mwanzoni si mtoto anayekalia kibofu. Ni figo zinazopata damu nyingi zaidi na kuchuja zaidi. Weusi unaozunguka chuchu hukolea na vipele vidogo pale hujitokeza. Choo hukaza. Mimi nilijaa mate mpaka nikawa natembea na kitambaa. Wengine hupata kizunguzungu wakisimama ghafla. Yote haya yanaweza kuwepo bila mimba, na mimba inaweza kuwepo bila yote haya. Utafiti mmoja wa Berlin uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila 475 anayejifungua hakujua ana mimba hadi wiki ya 20 au zaidi, na mmoja katika kila 2,500 hivi alijua uchungu ulipoanza. Zamani niliwacheka watu hao. Sasa ninao ujamaa nao.

Vivyo hivyo hedhi kukosekana si hati ya mimba. Kunyonyesha, njia za uzazi wa mpango, mawazo mazito, kupungua au kuongezeka uzito ghafla, tezi ya shingoni kutofanya kazi vizuri, ovari zenye vifuko vingi, vyote huweza kuisimamisha. Ukipima mara mbili, wiki moja ikipita kati ya vipimo, na jibu likawa hapana, na hedhi bado haijarudi, kamwone daktari. Kitu kipo, si lazima kiwe hicho.

Lipo jambo moja sitaki lipite haraka. Mtoto wa kwanza alipofika miaka mitatu tulianza kutafuta tena, na safari hii nilipima mapema, siku mbili kabla ya tarehe. Mstari hafifu. Nikamwonyesha mume wangu, akasema anauona, na najua hakuuona. Kesho yake ulikuwa palepale. Siku ya tatu ukafifia, siku ya tano damu ikaja, nyingi, yenye maumivu, hedhi kamili kwa kila hali isipokuwa jina. Nilipozungumza na daktari aliniambia kwa upole kwamba mimba za namna hiyo ni nyingi sana. Utafiti mwingine wa Wilcox, wa mwaka 1988, ulikuta kwamba asilimia 22 ya mimba zilizoonekana kwenye vipimo vya maabara ziliishia kabla hata ya kutambulika kwa njia ya kawaida. Bibi zetu walizipoteza pia, wakaziita hedhi iliyochelewa, wakaendelea na shughuli. Kipimo chenye macho makali kimetupa habari ambayo wao hawakuipata, na sijui kama ningependa kuwa wao. Mume wangu alisema afadhali tusingepima. Mimi nilisema afadhali nilijua. Hatujakubaliana mpaka leo, na si kila jambo la ndani ya ndoa linahitaji mshindi.

Mimba za kuharibika mapema mara nyingi hutokana na kasoro za kromosomu tangu mwanzo. Si kwa sababu ulibeba ndoo, wala kwa sababu ulikasirika. Nilihitaji kuambiwa hilo zaidi ya mara moja.

Kuna damu ambayo si ya kungojea, hata hivyo. Mimba ikitunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, hali inayotokea katika mimba moja au mbili hivi kati ya mia, dalili za mwanzo huwa zilezile: hedhi imekosekana, kipimo kimesema ndiyo, matiti yanauma. Halafu huja maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, damu, kizunguzungu au kuzirai, na mara nyingine maumivu kwenye ncha ya bega ambayo hayaelezeki. Hilo bega ndilo linalosahaulika, maana nani atahusisha bega na kizazi? Ni damu iliyovujia tumboni inayochokoza mishipa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu mwenye dalili hizo asilale akisubiri kupambazuke, na asikubali kuambiwa aende nyumbani akapumzike kabla hajapimwa.

Mtoto wa pili alikuja mwaka uliofuata. Sikumhisi kabisa. Hakuna kichefuchefu, hakuna ladha ya chuma, hakuna kulala na kiatu. Kijiti kilisema ndiyo na mwili ukanyamaza mpaka mkanda wa sketi ulipokataa kufunga. Wiki ya 10 niliingiwa na hofu nikarudi kliniki bila miadi, nikamwambia mkunga kwamba sina dalili hata moja. Akanipaka ile dawa ya baridi tumboni, akazungusha kioo nikione. Alikuwa anarusha miguu.

Lile daftari bado ninalo. Kwenye ukurasa wa mwezi ule kuna tarehe 9 na maneno yangu mawili matatu, imekuja, kidogo, siku mbili. Yule aliyekuwa tayari yumo ndani nilipokuwa nayaandika sasa yuko darasa la kwanza, na juzi amelikuta daftari kwenye droo akachora treni juu ya ukurasa huo, mabehewa sita, na moshi unaotoka upande usiofaa.